Kingamwili tiba hazipimwi kwa macho

Mhariri,

Kila inapotajwa trastuzumab, kingamwili inayotumika kama dawa ya saratani ya matiti yenye kipokezi cha HER2, swali la kwanza huwa la jina: hii ni ya kampuni asilia au ni baiosimila, yaani dawa ya kampuni nyingine iliyotengenezwa ifanane nayo? Wagonjwa huuliza hivyo, ndugu zao huuliza hivyo, na kwenye vikao vya zabuni huulizwa hivyohivyo kwa lugha ya kitaalamu. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze kwa nini swali hilo halimfikishi mgonjwa mbali. Lenye faida kwake ni jingine: toleo hili, yaani mkupuo huu wa dawa, lilipimwa nini kiwandani, na limepita kwenye joto gani tangu litoke huko mpaka kuingizwa kwenye dripu?

Jina halitoshi hata kwa mwenye dawa yake. Mwaka 2017 wataalamu wa Samsung Bioepis, waliokuwa wakitengeneza baiosimila ya Herceptin, trastuzumab ya kampuni asilia, walichapisha vipimo vya matoleo mengi ya Herceptin yenyewe. Matoleo yenye tarehe ya mwisho wa matumizi kati ya Machi 2015 na Julai 2018 yalifanana vizuri. Ya Agosti 2018 hadi Desemba 2019 yalikuwa yameyumba: sukari zilizopachikwa kwenye kingamwili hazikuwa na uwiano uleule, ushikaji wa FcγRIIIa, kipokezi kilicho kwenye seli za kinga, ulipungua, na uwezo wa kuita seli za kinga zije kuua seli ya saratani ukashuka nao. Waliopima walikuwa washindani, naam, lakini vipimo ni vipimo. Mabadiliko hayo yasingeonekana kwenye boksi, kwenye kichupa, wala kwa mlinganisho wa rangi. Baiosimila hiyohiyo ndiyo iliyokuwa trastuzumab ya kwanza ya aina yake kupitishwa na Shirika la Afya Duniani katika mpango wake wa uhakiki wa awali, Desemba 2019.

Tuanze na dawa yenyewe. Molekuli ya parasetamoli ina atomi 20. Ukiiacha kwenye kabati la chuma mchana kutwa haijali. Molekuli moja ya trastuzumab ina asidi amino zaidi ya 1,300, zimepangwa katika minyororo miwili mizito na miwili myepesi, imefungwa kwa vifundo 16 vya salfa, na uzito wake ni takribani daltoni 148,000 (daltoni ni kipimo cha uzito wa molekuli). Kazi yake yote iko kwenye mkunjo. Ikikunjuka, hata kama kila asidi amino ipo mahali pake, si dawa tena.

Inaharibika kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni molekuli kushikana na kuwa mashada. Joto, kuganda, mtikisiko au mwanga hufungua sehemu za ndani zinazochukia maji, nazo hutafuta mwenzake wa kushikamana naye. Shada halifanyi kazi ya dawa na, kibaya zaidi, mwili unaweza kuliona kama mvamizi ukatengeneza kingamwili dhidi ya dawa yenyewe. Mgonjwa akapata mzio, au dozi zinazofuata zikasafishwa mwilini kabla hazijafanya kazi. Ya pili ni kukatika, hasa kwenye bawaba inayounganisha mikono na shina la kingamwili, ambayo ina umbo la Y. Ya tatu ni mabadiliko madogo ya kikemia. Asidi amino iitwayo asparajini hupoteza amidi yake, na molekuli nzima inaongezeka daltoni 1 tu, lakini chaji yake inabadilika. Asidi amino mbili za methionini za shinani, ya 252 na ya 428, zikipata oksijeni, kingamwili hushika vibaya kipokezi kinachoirudisha kwenye damu, hivyo haikai mwilini muda uliotarajiwa. Kwenye trastuzumab kuna doa moja linalojulikana sana: aspatati, asidi amino ya 102 kwenye mnyororo mzito. Ikijigeuza kuwa isoaspatati, uzito haubadiliki hata chembe, ilhali nguvu ya molekuli hiyo hushuka hadi karibu moja ya kumi.

Yote hayo hutokea maji ya kichupa yakiwa maangavu. Jicho la kawaida huanza kuona chembe zikikaribia mikroni 100, yaani sehemu ya kumi ya milimita. Viwango vya famakopia, kitabu rasmi cha ubora wa dawa, kwa dawa za sindano vinahesabu chembe za mikroni 10 na kuendelea, zisizidi 6,000 kwa kichupa, na za mikroni 25 na kuendelea, zisizidi 600. Mashada ya molekuli mbili au tatu ni madogo kuliko hizo mara mamia. Kwa hiyo mtu anayenyanyua kichupa kwenye mwanga wa dirisha na kusema "iko sawa" amekagua uchafu mkubwa, basi. Aendelee kukagua, maana ukungu au nyuzi zikionekana dawa ikataliwe palepale. Ila asidhani amepima ubora.

Hapa kuna jambo linalotusumbua, nalo linatokana na mazoea mazuri ya mahali pengine. Wahudumu wetu wa chanjo wamefundishwa jaribio la kutikisa: chanjo yenye chumvi ya alumini, kama ile ya pepopunda, ikishukiwa kuganda, hutikiswa pamoja na kichupa kilichogandishwa makusudi, kisha unatazama ipi inatuama haraka. Ni jaribio zuri. Kwa kingamwili ni kosa mara mbili. Hakuna alumini ya kutuama, kwa hiyo halikuambii lolote. Na kule kutikisa kwenyewe kunaharibu, kwa sababu kila povu ni ukuta mpya wa hewa na maji ambao protini hupanda juu yake, hujifungua, kisha utando ukipasuka hurudi chini kama mashada. Vilevile usitafute kwenye vichupa hivi ile alama ya mraba ndani ya duara inayobadilika rangi. Ni ya chanjo, na hata kwenye chanjo inaonyesha joto tu, kuganda haikuonyeshi.

Na kuganda nako huharibu dawa za maji, si jua peke yake. Watu huogopa joto la bandarini na uwanja wa ndege, kisha wanajaza kasha barafu iliyotoka moja kwa moja kwenye friza. Maji yanapoganda, barafu huchukua maji matupu na kusukuma protini na chumvi zote kwenye kidimbwi kidogo kilichobaki. Bafa, yaani chumvi zinazoshikilia pH, ikiwa ya sodiamu fosfeti, kama kwenye kingamwili nyingine iitwayo bevacizumab, sehemu mojawapo ya chumvi hizo hujitenga kama fuwele na pH inaporomoka. Ikiyeyuka, kichupa kinaonekana kama hakikupatwa na kitu. Dawa ya unga, kama trastuzumab ya kawaida ya mishipa, ina unafuu: imekaushwa pamoja na sukari ya trehalosi inayoshika nafasi ya maji. Ile ya maji, kama rituximab au bevacizumab, haina kinga hiyo kwa kiwango hicho. Kuziweka zote kundi moja la "dawa za friji" kunasahaulisha tofauti hii.

Kanuni ya wachanjaji inafaa hapa bila kubadilisha neno: pakiti za barafu zitolewe friza, zisubiriwe mpaka zitoke jasho, na ukizitikisa usikie maji ndani. Kati ya pakiti na boksi la dawa kuwe na kadibodi. Kwenye friji ya hospitali, kama bado ni ile ya nyumbani yenye kisanduku cha barafu juu, dawa isigusane na ukuta wa nyuma wala kukaa chini ya kisanduku hicho, na isiwekwe mlangoni. Vichupa vibaki ndani ya boksi lake, kwa sababu mwanga nao hula kingamwili taratibu.

Kinasa joto kiwe ndani ya mzigo, na kiwe na uwezo wa kutoa orodha ya vipimo, walau kimoja kila dakika 10. Tumeona ripoti za mapokezi duniani kote zikiandikwa hivi: "wastani wa joto: nyuzi 5." Wastani haufai. Safari ya saa 40 inaweza kuwa na saa mbili za nyuzi 3 chini ya sifuri, na wastani ukabaki 5 kama hakuna kilichotokea. Kinachotakiwa ni joto la chini kabisa, la juu kabisa, na muda uliotumika nje ya nyuzi 2 hadi 8. Kinasa joto kilichobandikwa juu ya boksi la nje hupima hewa ya gari. Kilicholala juu ya barafu hupima barafu. Kikae katikati ya vichupa, na kwa mzigo mkubwa viwe viwili: kimoja katikati, kimoja kwenye kona iliyo karibu na barafu.

Mzigo ukifika na hitilafu, usimwagwe na usitumiwe. Uwekwe karantini ndani ya nyuzi 2 hadi 8, ukiwa na lebo, na mtengenezaji aandikiwe akiambiwa joto kamili na saa kamili. Kampuni makini huwa na takwimu za uthabiti kwa hitilafu za muda mfupi, na mara nyingi jibu hutofautiana kwa saa sita za nyuzi 22 na dakika kumi za kuganda. Kumwaga vichupa vizima kwa sababu umeme ulikatika usiku mmoja ni hasara isiyo na sababu. Kuvitumia kimyakimya ni kosa zaidi.

Chumba cha kuchanganyia nacho kina makosa yake. Kichupa cha trastuzumab cha miligramu 150 huyeyushwa kwa mililita 7.2 za maji safi ya sindano. Maji yaelekezwe taratibu kwenye unga, kichupa kizungushwe kwa upole bila kutikiswa, kisha kiachwe kitulie kama dakika 5 povu lishuke. Hapo unapata miligramu 21 kwa kila mililita. Mama wa kilo 60 kwa dozi ya kwanza ya miligramu 8 kwa kilo anahitaji miligramu 480, yaani karibu mililita 22.9, zinazoingizwa kwenye mfuko wa mililita 250 wa maji ya chumvi ya 0.9%. Glukosi ya 5% isitumike kabisa kwa dawa hii: protini hushikana mashada ndani ya mfuko. Rituximab, kwa upande wake, inakubali vyote viwili, na ndiyo maana kumbukumbu ya kichwani haitoshi. Karatasi ya maelezo ya dawa husika ibandikwe ukutani.

Kosa jingine ni la siku 28. Kichupa kikubwa cha miligramu 440 hutoka na maji yake yenye kihifadhi, benzili alkoholi 1.1%, na kikiyeyushwa kwa maji hayo hukaa siku 28 kwenye friji. Kichupa cha miligramu 150 kinachoyeyushwa kwa maji matupu hakina kihifadhi, hivyo muda huo haukihusu. Ukiona lebo ya siku 28 kwenye kichupa kidogo, mtu amechanganya maelekezo. Wapo pia wanaodhani kichujio kwenye mpira wa dripu kinasafisha kila kosa. Infliximab, kingamwili nyingine, kweli huingizwa kupitia kichujio kisichozidi mikroni 1.2, lakini mashada madogo hupita humo kama dagaa kwenye wavu wa changu.

Sasa cheti cha uchambuzi. Kwa toleo la kingamwili, cheti kinachosema "rangi: inakubalika, pH: 6.0, kutokuwa na vijidudu: imefaulu" ni cha dripu ya chumvi. Mnunuzi adai, kwa kila toleo, asilimia ya molekuli zilizo mojamoja na asilimia ya mashada kwa kromatografia ya ukubwa, inayotenganisha molekuli kwa ukubwa wake. Vipande vilivyokatika kwa elektroforesi ya kapilari, inayotenganisha kwa umeme ndani ya mrija mwembamba. Mgawanyo wa chaji, yaani sehemu ya asidi, kuu na ya besi. Ramani ya sukari, ikitaja zisizo na fukosi na zenye manosi nyingi. Na nguvu ya dawa ikipimwa kwa seli, ikilinganishwa na kiwango rejea. Pamoja na cheti, adai mwenendo wa uthabiti. Mwongozo wa kimataifa wa ICH Q5C unataka dawa ya kibiolojia yenye uhai wa zaidi ya mwaka mmoja ipimwe kila miezi 3 mwaka wa kwanza, kila miezi 6 mwaka wa pili, kisha kila mwaka, katika joto halisi la kuhifadhia. Vipimo vya haraka vya nyuzi 25 na 40 husaidia kujua dawa inaharibikia wapi, lakini haviwezi kutabiri uhai wake: kwenye nyuzi 40 protini hufunguka kwa njia ambayo kwenye nyuzi 5 haifuati. Msomaji wa jedwali asiangalie kama kila namba iko ndani ya kikomo tu. Mashada yakipanda kwa asilimia 0.4, 0.7, 1.1, 1.6, yote yako ndani ya kikomo cha 2, ila mwelekeo unajulikana.

Na baada ya kununua? Hapa ndipo tunapoomba wahusika watusikilize. Maabara ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011, na ile ya taifa ya Kenya mwaka 2008. Mashine ya HPLC, ya kromatografia ya kimiminika, inayopima vidonge vya malaria inaweza kupima mashada ya kingamwili. Kinachobadilika ni kolamu (mrija wa kutenganishia), bafa na mkono wa mpimaji. Kolamu ya ukubwa, milimita 7.8 kwa 300; bafa ya potasiamu fosfeti ya mola 0.2 yenye kloridi ya potasiamu ya mola 0.25, pH 6.2, mwendo wa mililita 0.5 kwa dakika. Mwanga wa nanomita 280. Sampuli ya mikrolita 20 yenye miligramu 10 kwa mililita. Dakika 30 kwa mzunguko. Mashada hutoka kwanza, molekuli mojamoja hufuata kama mlima mmoja mrefu, vipande huja nyuma. Kiwango rejea cha kujifunzia kipo: taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, inauza kingamwili ya rejea iitwayo NISTmAb tangu 2016.

Ni kipimo ambacho ni rahisi kutoa majibu ya uongo. Chumvi ikiwa ndogo kwenye bafa, mashada hunata kwenye kolamu na cheti kinatoka kizuri kuliko dawa. Kolamu mpya nayo hula mashada ya sindano za mwanzo, kwa hiyo ilishwe kwanza protini mpaka majibu yatulie. Kuchuja sampuli kwa mikroni 0.2 kabla ya kupima ni kuondoa ushahidi. Afadhali izungushwe kwenye sentrifuji, na masimbi yakionekana yaandikwe. Kuizimua mno kunaweza kuyafungua mashada yaliyoshikana kwa ulegevu. Njia ya kukagua haya yote ni moja: linganisha jumla ya eneo la milima na la kichupa kisichoshukiwa cha toleo lilelile. Ikiwa asilimia ni nzuri lakini eneo zima limepungua kwa sehemu ya kumi, protini imebaki mahali, na si mahali pazuri. Chembe kubwa zaidi kolamu haizioni. Hizo zinahitaji kihesabu chembe.

Tunapendekeza kipimo hiki kifanyiwe vichupa vinavyorudishwa kutoka mwisho wa njia, Mwanza, Mbeya, Kigoma, kuliko vile vinavyochukuliwa bohari kuu Dar es Salaam. Sampuli ya bohari inamhukumu mtengenezaji. Ya Kigoma inatuhukumu sisi. Kwa kila toleo vichupa vitatu vingetosha kuanzia: kimoja kilichohifadhiwa bohari kuu, viwili vilivyosafiri, vyote vikipimwa siku moja kwenye kolamu moja. Virudi vikiwa havijafunguliwa, ndani ya boksi lake, na kinasa joto chake, kwa kuwa sampuli iliyoharibikia njiani wakati wa kuja kupimwa itamtia hatiani asiyehusika.

Zabuni zijazo zingeweza kubeba haya kwa vifungu vichache: cheti chenye vipimo tulivyovitaja kwa kila toleo, jedwali la uthabiti la mwaka uliotangulia, faili la kinasa joto kukabidhiwa siku ya mapokezi, na taarifa ya maandishi mtengenezaji anapobadili kiwanda, seli za kuzalishia dawa au kihifadhi chochote. Namba ya toleo nayo iandikwe kwenye faili la mgonjwa kila dozi, pamoja na jina la biashara. Neno "trastuzumab" peke yake kwenye faili halimsaidii yeyote pale mgonjwa anapopata homa na kutetemeka dripu ikiwa haijafika nusu, na daktari anataka kujua nani mwingine alipewa toleo lile wiki hiyo.

Wafamasia wa udhibiti ubora wa dawa,
Dar es Salaam